Kikombe Ambacho Sikuonja

Bamama na bapapa, sijasimama hapa kwa sababu nimepona. Nimesimama kwa sababu mmeniita, na zamani hamkuniita.

Mnanijua. Niliuza bushera ya mtama, ile isiyolevya, pale soko la Kamembe. Na desturi yetu mnaijua: ukimpa muntu kinywaji, unaonja wewe kwanza mbele ya macho yake, aone hakuna sumu. Siku ile jirani yangu, maman wa vitenge, alirudi kutoka Bukavu na jua lote kichwani. "Maman, nipe kikombe, koo imekauka!" Nikamimina, nikampa. Sikuonja. Akakunywa yote.

Jioni tumbo likamkamata, bakamubeba hospitali.

Ndugu zangu, nawaambia, kulipokucha nilikuwa mrozi tayari, mtia watu sumu. Wifi yake alisimama sokoni: "Alimupa bila kuonja! Munasikia? Bila kuonja!" Nilijaribu kusema, lakini nani anamsikiliza mrozi? Ninyi wa kikundi chetu cha soko mkakaa, mkamsikiliza wifi peke yake. Mimi nilikuwa nje ya mlango nasubiri kuitwa. Nikasikia mnapiga makofi ya kufunga mkutano. Msinikasirikie, ndivyo ilivyokuwa.

Bushera ikachacha kwenye bidoni, dumu zima bila mnunuzi. Nyumbani, mume wangu akaanza kujichotea maji mwenyewe. Wee, heri angenifokea! Mwisho akaondoka, akaniachia mtoto mchanga mgongoni. Nilimwomba Mungu anichukue, sitaficha.

Muda ukapita. Akaja dada mmoja kutoka Nkungu, mgeni kwenye kikundi, akasikia habari yangu, akauliza: "Na yeye mwenyewe alisema nini?" Hakuna aliyejua.

Mkaniita. Nikasema: nilikuwa nimefunga. Ramadhani ilikuwa imepita, lakini nilijifungua ndani yake, nikabaki na siku za kulipa. Ningeonjaje? Basi, ni hayo tu. Mkamwita na maman wa vitenge, aliyekuwa anaugulia kwao Bukavu. Akashangaa: "Mimi sikumusema vibaya hata siku moja! Ni vidonda vya tumbo, munganga wa hospitali alisema. Mbona hamukuniuliza?"

Mlilia siku ile, niliona. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Mume hakurudi. Mpaka leo bantu banapita mbele ya bidoni yangu, banaangalia pembeni. Kuna asubuhi nakoroga nikijua nitamwaga.

Asante, dada wa Nkungu, kwa swali lako. Asante, maman wa vitenge, wewe peke yako unakunywa kwangu. Nanyi wengine, nawaomba kitu kimoja. Kesho mwingine akisimama nje ya mlango, hata kama ana kosa, mfungulieni kabla ya makofi.

Haya, bushera ya leo ni hii. Sijafunga. Naonja mimi kwanza, mnaona? Nimemeza.

Nani anapokea?