Orest Baran, Aliyeuliza Viazi Vinakaa Wapi

Huyu tuliyemsindikiza leo, Jumamosi tarehe 12 Oktoba 2024, ni Orest Baran wa Dauphin, Manitoba. Alizaliwa tarehe 11 Februari 1944, mtoto wa nne wa marehemu Ivan na Maria Baran, katika nyumba ya magogo kaskazini mwa mji. Kitanda chake kilibanana na ukuta, na asubuhi za majira ya baridi alikuta vichwa vya misumari vimeota barafu nyeupe ilhali magogo yenyewe ni makavu. Ndugu zake walijifunika wakaendelea kulala. Yeye aliikwangua ile barafu kwa ukucha, akaionja, akataka kujua kwa nini ni msumari na si gogo.

Alianza shule mwaka 1950, na swali akaenda nalo. Mwalimu wake, Bi. Kozak, alikuwa katikati ya somo la kuzidisha.

"Baran, unaniuliza mimi au unauliza msumari?"

"Msumari nimeshauuliza, mwalimu."

Alisimamishwa kwenye kona hadi saa ya chakula. Jibu alilipata baadaye sana, kwamba chuma hupitisha baridi upesi kuliko mti, na alilisimulia kila mahali kana kwamba ni habari ya ukoo. Shule aliiacha mwaka 1960, darasa la kumi, baba yake alipovunjika nyonga na shamba likakosa mtu.

Mwaka 1963 aliingia kazi ya kumwaga zege la misingi ya nyumba, na mwaka 1974 akaanza kazi yake mwenyewe, ya kuvisha kuta za vyumba vya chini ya ardhi bodi za povu, yaani vipande vyepesi vya plastiki vya kuzuia baridi. Wote mliomo humu mnajua kilichopo huko chini kwenu: tanuri la kupasha nyumba joto, mashine ya kufulia, mitungi ya matango ya siki na viazi vya mwaka mzima. Zege likiwa tupu, joto lote linaishia udongoni. Orest alikuwa akifika anavua glavu, anaweka kiganja ukutani, anahesabu mpaka ishirini. Halafu anakata bodi kwa kisu cha mkate, anaibandika kwa gundi, anaziba kila mwanya. Kisu hicho kilikuwa cha mkewe, na mkewe alikitafuta miaka sita.

Mke huyo ni Stefka, binti wa marehemu Paraska Voloshin. Walifunga ndoa tarehe 16 Agosti 1969 katika kanisa hilihili, wakajaliwa watoto wawili, Darka na Marko. Na kwa kuwa tumemtaja Mama Paraska, kisa cha viazi hakikwepeki.

Vuli ya mwaka 1976 mama mkwe alilalamika kwamba sakafu yake inamgandisha miguu. Orest, kwa mapenzi yote, alizivisha bodi kuta zote nne za chini kwake, kuanzia sakafu hadi dari, hata nafasi ya kupitisha karatasi hakuacha. Nyumba ikawa na joto la kupendeza. Januari akaalikwa chakula cha mchana. Mama Paraska aliweka kwenye sahani yake kiazi kimoja kibichi, chenye machipukizi marefu kama vidole.

"Kula, mkwe. Umenilimia kabla ya Pasaka."

"Lakini Mama, miguu si imepata joto?"

"Miguu siipiki."

Magunia manane yalikuwa yamechipuka. Miaka yote viazi vilikaa salama kwa sababu ya kona moja ya baridi, na kona hiyo mkwe alikuwa ameizika. Stefka anasema hakuwahi kumwona mumewe ameona haya namna ile. Kesho yake alirudi na msumeno, akabomoa bodi za kona ya kaskazini, akajenga chumba kidogo cha viazi na kukitenga na nyumba kwa bodi zilezile. Mama Paraska alianza kumsalimia tena mwezi Aprili. Tangu siku hiyo, kabla ya kushika ukuta wa mtu yeyote, swali la kwanza la Orest lilikuwa: "Viazi vyenu vinakaa wapi?"

Kiangazi cha 1984 alijaribu jambo ambalo hapa kwetu lilikuwa bado geni. Alichimba kuzunguka nyumba yake mwenyewe, akabandika bodi upande wa nje wa msingi, akafukia. Alitaka ukuta wenyewe ulale ndani ya blanketi. Rafiki yake Bodio Sawka, aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi, hakukubali.

"Bodi inakunywa maji, Orest. Baada ya miaka kumi utachimbua uji."

"Wewe umeshachimbua?"

"Sijachimbua."

"Basi sote wawili hatujui."

Bodio yuko hapa leo, kiti cha tatu, na anaitikia kwa kichwa. Kutojua huko ndiko kulikomkaa Orest rohoni. Watu walimwamini, na kwa miaka iliyofuata alifukia bodi za namna hiyo katika nyumba hamsini na mbili. Kama Bodio alisema kweli, alikuwa ameharibu nyumba hamsini na mbili za majirani zake. Alitamani kuchimba kwake aone, ila juu ya ukuta ule Stefka alikuwa na tuta lake la vitunguu saumu, na jibu la Stefka kila mwaka lilikuwa moja: "Gusa tuta, utalala humohumo."

Moyo wa Orest ulianza kuchoka mwaka 2022. Mwezi Agosti mwaka huu madaktari wa hospitali walimruhusu arudi nyumbani, na sote tulielewa maana yake. Aliwekewa kitanda karibu na dirisha. Hakulalamika maumivu. Alichosema ni kwamba ataondoka bila kujua.

Asubuhi ya tarehe 17 Septemba Stefka alichukua koleo, akalifumua tuta lake mwenyewe. Ana miaka sabini na saba. Alichimba mpaka akaifikia bodi, akakata kipande kwa kisu cha mkate, akakipeleka kitandani na mizani ya jikoni.

"Pima, mzee. Nimekuchoka."

Orest alipima, akapima tena. Kilikuwa kikavu, chepesi karibu sawa na kipya. Akalia, na Stefka naye akalia. Halafu Orest akakigeuza upande wa pili. Humo ndani mlikuwa na vijia vidogo vingi, na sisimizi weusi wakubwa wakitembea na mayai yao, wamestarehe.

Swali la maji alikuwa amelibeba miaka arobaini. La sisimizi hakuwahi kuliuliza. Akafuta macho, akasema, "Hawa wameingilia wapi?"

Tangu siku hiyo alishika simu. Alimpigia mwenye nyumba mmoja baada ya mwingine, sauti ikikatika, akiwaeleza bodi ni kavu, ila wachimbe kidogo waangalie sisimizi kabla ardhi haijaganda, maana wakimaliza povu watapanda kwenye mbao. Darka, anayewasomea maneno haya, ndiye aliyekuwa akiweka alama kwenye orodha. Orest alifariki Jumanne tarehe 8 Oktoba, saa nne asubuhi, akiwa na miaka themanini, mkono mmoja umeshikwa na Stefka.

Ameacha mjane, Stefka, watoto wawili, Darka na Marko, wajukuu watano, na dada yake mkubwa, Nastia. Ameacha pia nyumba kumi na tisa ambazo hakuwahi kuzipigia simu. Wengi wa wenye nyumba hizo mmekaa humu. Tafadhali, mkitoka kula, nendeni mkaangalie.

Baridi ya huku hushuka futi sita ardhini. Yeye ndiye aliyetufundisha. Jana Stefka alikwenda makaburini na futi kamba, akawasimamia wachimbaji mpaka waliposhuka futi saba. Orest, hapo ulipo hapagandi. Tumepima. Mungu akupe usingizi mwema.