Kiu ya Mzee Kefa

Kijiwe chetu kipo Tunduma, kando ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kuingia Zambia, mbele ya banda la Gwalugano, mziba matairi, ambaye kwa sababu hiyo tunamwita Pancha. Benchi ni moja. Wa kwanza kuketi huwa ni Hezron, wakala wa forodha, aitwaye Kibali. Wa pili ni mimi, ambaye kwa kuwa nilisoma chuo kikuu na siwezi kuvumilia habari isiyo na mpangilio, naitwa Ajenda. Rozi, muuza kahawa, hutumiminia kahawa ya Mbozi. Jumatano hiyo wa tatu alikuwa Mzee Danford, mzee wa kanisa, naye aliketi bila kumsalimu mtu.

Danford: Dada yangu Alinanuswe amegoma. Jumamosi Judith wangu anaolewa, na shangazi mtu anasema hatatoa baraka mpaka kaburi la baba limwagiwe pombe ya ulezi.

Mimi: Tuanze mwanzo. Kwanza, sababu ni ipi?

Danford: Kamwota baba. Midomo imemkauka, anasema ana kiu.

Pancha: Si umwage tu, mzee?

Danford: Mwaka jana Ferdinand alipomwaga pombe kaburini, nani alisimama kanisani kusoma jina lake, tukamtenga na Meza ya Bwana miezi sita?

Kibali: Ni wewe.

Danford: Ni mimi. Na nililirudia jina, eti nyuma hawakusikia. Sasa nikimwaga, nasomwa mimi. Nisipomwaga, Judith kaapa hatoki nyumbani bila mkono wa shangazi yake kichwani.

Rozi: Mwagieni togwa. Hata watoto wa shule ya Jumapili wanakunywa.

Danford: Baba hakuwa mtoto, Rozi.

Pancha akaweka tairi chini. Mambo ya kuvuja ni taaluma yake.

Pancha: Sikia. Unakwenda kaburini na mchungaji, kwa sala ya Kikristo kabisa. Kibuyu umekibeba tu, unampelekea jirani. Mimi nimekitoboa tundu la msumari. Mnaomba, kinavuja. Sala ikiwa ndefu, baba ameshiba. Wahenga walisema, kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi.

Mimi: Na mchungaji akiona?

Pancha: Ataonaje? Si kafumba macho?

Kibali: Huo ni utoto. Kosa lina mahali pake, bwana. Usharika wako unaishia wapi? Mpakani. Basi unachota udongo wa kaburi, ndoo moja, unavuka nao mpaka Nakonde, unaumwagia pombe huko. Hapa Tanzania hujatenda kitu.

Mimi: Hati itaandikwaje?

Kibali: Udongo wa kupandia maua.

Danford: Na baba akibaki Zambia?

Kibali: Anarudi na ndoo. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini udongo unazoleka.

Nakiri kwamba kufikia hapo kalamu ilikuwa tayari mkononi mwangu. Niliandika: kwanza, udongo, pili, mpaka, tatu, pombe, nne, toba. Danford akaisoma karatasi kwa makini, akashauri toba itangulie, kwa kuwa Jumamosi kutakuwa na shughuli nyingi. Nikarekebisha.

Ndipo Judith alipofika, vitenge vya harusi begani.

Judith: Shikamooni.

Pancha: Marahaba, bibi harusi. Usihofu, babu yako anasafiri.

Judith: Anasafiri kwenda wapi? Baba, natoka kuongea na shangazi. Nina swali moja.

Danford: Sema, mama.

Judith: Mara ya mwisho ulifika kaburini kwa babu lini?

Danford alitazama ndani ya kikombe. Alianza kusema ni ule mwaka walipoweka msalaba wa saruji, akaacha.

Judith: Shangazi anasema msalaba hauonekani. Magugu.

Kibali akageukia malori kana kwamba ameitwa. Pancha akaokota tairi ambalo halikuwa na tundu. Mimi, ambaye huandika tarehe hata kwenye risiti ya chumvi, nilitafuta tarehe niliyofika kwenye kaburi la mama yangu kule Ndalambo, nikapata moja tu: siku tuliyomzika.

Danford: Pancha, una jembe?

Pancha: Lipo.

Danford: Niazime. Kesho saa kumi na mbili asubuhi tunakwenda kaburini Igamba, mimi na Judith. Dada naye nitampigia, tupasafishe wote.

Kibali: Na pombe?

Danford: Ngoja kwanza nipaone.

Nikakunja karatasi yangu, nikaomba kikombe kingine. Rozi akatikisa birika.

Rozi: Imeisha.

Akaliinamisha kando ya benchi, akamwaga machicha chini, kama afanyavyo kila siku. Udongo ukayanywa. Safari hii sote tulisogeza miguu kuyapisha.