Bi Hermelinda na Riba Iliyoliwa kwa Macho

Tarehe 31 Machi, Bi Hermelinda Guanoluisa anastaafu baada ya kukaa miaka thelathini na mmoja kwenye dirisha la akiba la Ushirika wa San Bartolo. Alianza enzi za sucre, sarafu yetu ya zamani, akavuka hadi dola, na muda wote huo hakumwamini mtu. Kalamu yake imefungwa kamba. Mimi ninayeandika, karani mwenzake, nimekaa naye saba katika miaka hiyo, na bado nikiingia anasogeza mkoba wake upande wa ukutani.

Wanachama wetu nao ni walewale. Tangu benki za nchi zilipofunga milango na pesa za watu zikiwa ndani, watu wa San Bartolo huja siku ya gulio kuona akiba zao. Hawaji kuzitumia. Bi Hermelinda huziweka kaunta, mwenyewe anazishika, roho inatulia, zinarudi kwenye sefu. Hakuna kilichoandikwa, kwa kuwa hakuna kilichotoka.

Kisha akaja meneja mpya, Bwana Fausto, na kompyuta zake. Akaamuru kila anayeona pesa zake aandikiwe kwamba ametoa, halafu ameweka. Kompyuta ikawa inaingiza riba kila wiki, watu wakafurahi. Mwisho wa mwezi karibu yote ikachukuliwa tena, na kwenye taarifa kukawa na maneno mawili tu: marekebisho ya riba.

Gulio zima likahamia kwetu.

"Dada, riba yangu umeila na nani?"

"Sijala cha mtu," Bi Hermelinda akajibu. "Na toa mkono kwenye kioo changu."

Bodi ikampa Bi Hermelinda hadi gulio lijalo aeleze, la sivyo aache kazi. Yeye akamshuku Bwana Fausto, akamshuku mfagizi, na mimi akanifunulia sufuria yangu ya mahindi kutazama chini kuna nini.

Alipopitia akaunti, akakuta moja tu haikuguswa: ya Targelia Chiluisa, muuza vitunguu, adui yake wa siku nyingi na mpiga kelele mkuu wa gulio. Habari ikavuja kabla ya jioni.

"Kwa nini yake tu?" wanawake wakauliza. "Mmegawana, eh?"

Targelia akaletwa nyuma ya pikapu, mguu kwenye plasta. "Nigawane na huyu? Hata chumvi simwombi. Mwezi mzima niko kitandani, pesa zangu sijaziona hata sura."

Bi Hermelinda akamwita meneja, akamweleza. Riba yetu hupigwa kwa salio dogo kuliko yote ndani ya mwezi. Aliyetazama pesa zake hata kwa dakika mbili, kwa kompyuta alikuwa amezitoa zote, salio likawa sufuri. Targelia hakutazama, kwa hiyo hakupunguziwa.

Riba ilirudishwa yote, na tangu siku hiyo pesa huonwa mbele ya mashahidi wawili bila kuandikwa kuwa zimetolewa. Bi Hermelinda alibaki na kiti chake. Bwana Fausto hajasamehewa mpaka leo.

Wiki iliyopita, habari za kustaafu zilipotoka, foleni ilifika kanisani. Hakuna aliyeleta maua. Wote walitaka kuona pesa zao yeye angali yupo. Bwana Fausto alihofia sefu itabaki tupu, lakini mmoja mmoja walitazama, wakarudisha. Wa mwisho alikuwa Targelia.

"Ukiondoka, anakaa nani hapo?"

Bi Hermelinda akanionyesha kwa kidevu. Targelia akanipima juu mpaka chini.

"Basi nipe zote. Naenda nazo."

Akazifunga ndani ya shali, akaondoka. Bi Hermelinda alicheka, halafu akageukia ukuta akafuta macho. Sikuwahi kumwona hivyo, na iliniuma.

Asante, Bi Hermelinda, kwa kulinda vya watu. Ukapumzike, ule vizuri, uishi miaka mingi yenye heri. Na ukikutana na Targelia sokoni, mwambie mimi ni mtu wa kuaminika, hata kama wewe mwenyewe hujasadiki.