Waya Uliosikiliza Pumzi Badala ya Moyo

Mgeni rasmi, Daktari Veneranda, mwenyekiti wetu, Mzee Abdulatifu, mashehe, mapadre na wachungaji, wauguzi, nanyi wake na waume zetu mliokuja kuhakikisha hatuzimii mbele ya wageni: wa kuamkiwa shikamooni, na wengine hamjambo.

KARIBU TABORA

Sisi wa Kikundi cha Mapigo, watu tunaoishi na betri ya moyo kifuani, pamoja na jamaa zetu, leo tumefurahi kupita kiasi. Mwenye betri akifurahi kupita kiasi, watu humtafutia kiti. Msiwe na wasiwasi, viti vipo.

Daktari, tumezoea sisi kukufuata wewe kliniki kwako Dar es Salaam. Leo umetufuata wewe, na begi la mashine ya kupimia betri zetu umelibeba mwenyewe kutoka stesheni, ukakataa kupokewa. Mji huu unajua heshima ya mtu anayebeba mzigo wake. Babu zetu walikwenda pwani kwa miguu, pembe za ndovu mabegani. Sisi tunakwenda kwa treni, roho mkononi. Karibu sana, Daktari.

TULIKOTOKA

Kikundi hiki kilizaliwa kwenye behewa. Tulikuwa wachache, kila mmoja anakwenda kliniki kivyake, tukatambuana kwa jinsi tulivyokinga bega la kushoto, upande wa betri, watu walipogombea mlango. Palikuwa na mwalimu wa madrasa, fundi cherehani, mkulima wa Ulyankulu, na mrina asali mmoja wa Kigwa aliyekaa dirishani hataki kusemeshwa. Huyo ndiye Lugembe. Risala hii ni habari yake, kwa ruhusa yake mwenyewe na kwa manung'uniko ya mkewe, Imakulata. Bwana Lugembe, kaa kwanza, hujaitwa.

LUGEMBE NA MZINGA

Moyo wa Lugembe ulikuwa unapiga, unasahau, unakumbuka tena. Akawekewa betri, akapata nguvu, akarudi porini kwake. Siku ya kutundika mizinga, mwenzake Bundala alipanda mtini kwa ngazi, yeye akabaki chini kuvuta kamba. Mzinga ulipofika nusu ya safari, Lugembe akaenda chini kama gunia. Mzinga nao ukashuka, ukapasukia pembeni yake. Bundala kule juu akapiga mayowe:

"We Lugembe! Usife, bwana! Nani atanishikia ngazi?"

Kufumba na kufumbua, Lugembe akaamka, akauliza mzinga uko wapi. Wakacheka, yakaisha. Lakini ikatokea tena, kisha tena, na kila mara ni chini ya mti wa mizinga. Nyumbani alilima, alipasua kuni huku anaguna, wala hakudondoka. Warina asali wenzake wakakaa kikao, wakatoa hukumu: nyuki wamemkataa. Wamekisikia kile chuma kifuani, hawakitaki. Wakamwomba asikanyage tena porini, kwa usalama wake na wa mizinga yao.

Daktari, usicheke sana. Jibu bora hatukuwa nalo hata sisi wa mjini. Lugembe alikaa barazani akiwasikia wenzake wanapita na mashoka yao, akaona afadhali moyo ungesahau moja kwa moja. Maneno hayo aliyasema mwenyewe, hatukuongeza chumvi.

Imakulata hakukubali. Alifunga kikapu cha safari kwa kamba ileile ya mizinga, maana haikuwa na kazi nyingine, akamsukuma mumewe kwenye treni, naye akapanda.

Kule kwako, ukiisoma betri kwa mashine, Lugembe aliinua mkono, akasukuma ukuta, akakohoa. Betri ikatulia tu, inamwangalia. Mwingine angemwandikia dawa ya usingizi akamrudisha Kigwa. Wewe ulivuta kiti, ukamuuliza, "Mzee, unapoanguka, unakuwa unafanya nini hasa?"

"Navuta mzinga, Daktari."

"Basi vuta."

Ukaangaza chumbani, ukaiona kamba kwenye kikapu. Ukaifungua kwa mikono yako, ukampa Lugembe upande mmoja, Imakulata upande wa pili, ukaweka kitanda nyuma ya mgonjwa, macho yako kwenye kioo cha mashine. Mume na mke wakavutana hospitalini kama watoto wa shule! Hakuna kilichotokea.

Imakulata akaachia kamba kwa hasira. "Daktari, huyu anakutania. Akivuta mzinga huwa hapumui."

"Hapumui kwa nini?"

Lugembe akaona haya. "Nyuki hawapendi pumzi ya mtu. Baba alinifundisha hivyo, hata mzinga ukiwa mtupu. Mkono umezoea."

"Rudia," ukasema. "Vuta kama alivyokufundisha baba."

Akabana pumzi, akajikamua, akavuta. Kwenye kioo mistari ikaanza kucheza ngoma. Macho ya Lugembe yakageuka, Imakulata akapiga kelele, nawe ulikuwa umekwisha kumdaka. "Achia! Pumua, mzee, pumua!" Akapumua, akarudi. Anasema alipofumbua macho alikuta daktari anacheka na mke analia, hakujua amfuate yupi.

Hapo ukatueleza jambo ambalo sasa hata wajukuu zetu wanalijua. Betri ina kazi mbili: kusikiliza, na kusukuma. Moyo ukipiga wenyewe, betri hunyamaza. Moyo ukisahau, betri huukumbusha. Sikio lake ni ncha ya waya, na sikio husikia kulingana na mahali lilipokaa. Ncha ya Lugembe ilikaa chini kabisa ya moyo. Si kosa la mtu, waya wa wengi hukaa pale na wanaishi vizuri. Kwake yeye, mahali pale moyo ulinong'ona tu, kwa hiyo sikio likaongezwa ukali. Na jirani wa pale ni msuli mpana wa pumzi. Akibana na kujikamua, msuli unatoa umeme wake, betri inausikia, inadhani ni moyo unaopiga, inanyamaza. Kumbe moyo nao umesahau. Wote wawili kimya, Lugembe chini.

Nyuki wa watu hawakuwa na hatia yoyote.

Ukamrudisha chumba cha upasuaji. Alikuwa macho, ganzi begani tu. Ukaipandisha ncha kwenye ukuta wa katikati ya moyo, ukisikiliza hapa, unakataa, ukisikiliza pale, unakataa. Akakuuliza kama umepotewa na kitu. Ukamjibu, "Natafuta mahali moyo wako unaposema kwa sauti." Uliposema "Hapa!" alilia, na mpaka leo akisimulia hapo hulia. Mwangalieni.

TUNAYOJIVUNIA

Tunajivunia wewe. Tangu siku ile Lugembe hajaanguka. Warina asali wa Kigwa wamemwomba radhi, na Bundala amekiri kwamba nyuki hawakuwahi kumwambia chochote. Tumewafundisha wenzetu kumweleza daktari kazi zao kama wanavyozifanya, pamoja na mambo madogo wanayoyaonea haya.

YANAYOTUKWAZA

Mgeni rasmi, pamoja na hayo yote, Lugembe hajarudi porini. Kamba anayo Imakulata, ameifungia sandukuni. Tulimtuma Mzee Abdulatifu akambembeleze, akajibiwa kwa adabu zote:

"Mzee wangu, shikamoo. Nimemwona akifa mara nyingi, akifufuka mara nyingi. Waya uliodanganyika mara moja nitajuaje haujadanganyika tena? Hapa Tabora nani atausikiliza? Akianguka Kigwa, nimpandishe treni akiwa maiti? Siku atakapopatikana wa kumpima hapahapa, kamba ataipata. Si kabla."

Mzee Abdulatifu alituletea maneno hayo kama yalivyo. Kila aliyeko katika ukumbi huu ana Imakulata wake nyumbani na kamba yake sandukuni. Fundi cherehani hakanyagi mashine akiwa peke yake. Mwalimu wa madrasa haruhusiwi kwenda kisimani.

MAOMBI

Hatuombi jengo, wala jiwe la msingi lenye jina la mtu. Tunaomba mashine kama hiyo iliyomo begini mwako ibaki Tabora, na muuguzi mmoja wa hapa afundishwe kuisoma. Basi.

Desturi inataka mgeni aondoke na zawadi. Zawadi yetu ni dumu la asali, lile pale mezani. Ukilinyanyua utaona ni jepesi. Ni tupu, Daktari. Wenzake walitaka kulijaza, Lugembe akakataa katakata. Amesema asali yako itatoka kwenye mizinga yake au haitatoka.

Sasa tunanyamaza. Lugembe, simama. Imakulata amekuja na kamba, ameificha ndani ya kitenge akidhani hatukuiona. Mama, itoe, shika upande wako. Daktari, fungua begi, umsikilize tena mbele yetu, akivuta kama baba yake alivyomfundisha. Kiti kipo nyuma yake.

Mwenyezi Mungu, anayeitwa msikitini na kanisani, akuzidishie masikio, na mikono yako asiichoshe.

Ni sisi, Kikundi cha Mapigo, Tabora, ambao kwa sasa tumebana pumzi wote.