Neno la Kusindikizia Mlango

Benchi la nje ya kibanda cha kinyozi lina miguu mitatu na tofali moja, na ukilikalia vibaya linakumwaga bila kukuuliza umri. Aliyelitengeneza ni Randa, seremala kijana wa kibanda cha jirani, na ukimuuliza habari ya tofali atakwambia mguu wa nne uko njiani. Lakini mchana huo Randa hakuwa na habari na benchi. Alikuwa ameegemeza ukutani mlango mpya, vanishi inang'aa hadi unaweza kujitazamia meno. Mlango wa mama mkwe. Yaani wa mama ambaye angekuwa mkwe kama mlango ungempendeza, maana alishasema wazi: binti yake haolewi na fundi wa mdomo, kwanza auone mlango. Wajomba wa binti walikuwa wanakusanyika kwao. Randa aufikishe, ausimamishe mbele yao, aeleze alivyoufanyia kazi. Kuusimamisha aliweza. Kueleza ndiko kulikomkaba, maana shule aliiacha mapema, ingawa ukimsikia yeye utadhani shule ndiyo iliyoachwa ikalia.

— Nitawaambia nimeutengeneza kwa bidii, alisema.

Taarifa, mlinzi mstaafu ambaye redio yake ndogo haibanduki sikioni, nusura amwage kahawa.

— Bidii? Wee kijana, unataka mke au hutaki? Bidii ni neno la waliofeli! Ripoti ya shule inaandikwaje? "Ongeza bidii." Aliyeshika wa kwanza umewahi kuona akiandikiwa hivyo?

Ripoti zote za Randa zilikuwa na neno hilo, nyingine kwa wino mwekundu.

— Basi kwa umakini.

Hapo Kinyozi akatoka mashine mkononi. Ndani alimwacha mteja nusu kichwa kimenyolewa, nusu bado.

— Umakini ndio usiuguse kabisa. "Kuwa makini" unaambiwa ukiwa umeshajikwaa, kidole kinachuruzika damu. Nani amewahi kuambiwa mapema?

— Kinyozi! mteja aliita. Na upande huu je?

— Nakuja, bosi wangu! Kichwa hakitaki papara! Enhe, Randa, endelea.

— Kwa uangalifu?

— Hilo linaandikwa kwenye maboksi ya glasi, alisema Taarifa. "Beba kwa uangalifu." Ukilitikisa, ndani kunalia kama njuga.

— Jitihada!

— Toba! Kinyozi alijishika kichwa. Hilo neno la hospitali, bwana. Daktari anatoka, anavua miwani, anasema "tumefanya kila jitihada." Wewe hapo unaulizia sanda. Unataka kumpelekea mama mkwe mlango au maiti?

— Sasa mnataka nisemeje, wazee wangu? Mkono wangu mnaujua. Nikipiga randa, ubao unaona haya.

— Benchi hili nalo liliona haya? aliuliza Kinyozi.

Taarifa alizima redio, jambo analolifanya akiwa na siri nzito tu.

— Mimi nimelinda ofisi kubwa, nawajua wakubwa wale. Kuna chumba mle ndani, kazi yake kupika maneno haya tu. Neno likichakaa wanalistaafisha, wanatoa jingine. Walianza na juhudi. "Juhudi zinaendelea," na hakuna aliyeinuka kitini. Watu wakashtuka, wakaletewa jitihada. Ikaanza kunuka maiti, wakaleta uchunguzi wa kina. Waliotumwa wakaingia humo kwenye kina, kamba ikakatika, hadi leo hawajaonekana. Sasa hivi wameleta weledi.

— Weledi ni kitu gani hasa?

— Ni bidii iliyovaa tai.

Kinyozi alicheka mpaka mashine ikamponyoka.

— Mimi naona kazi iliyofanyika haina neno, alisema akiiokota. Umewahi kumsikia mtu akisema amekula kwa weledi? Anajipapasa tumbo, basi.

— Kwa hiyo ninyamaze mbele ya wajomba?

— Ukinyamaza watadhani umeuiba, alisema Taarifa. Dawa ni kuyachanganya yote. Wakiduwaa, umeshaoa.

Hiyo Randa aliielewa. Alipanda juu ya benchi, akakunja ngumi kifuani.

— Waheshimiwa wajomba! Mlango huu nimeuchonga kwa juhudi, kwa umakini wa kina, kwa weledi uliotukuka...

Tofali likachomoka. Randa akatua chini kwa miguu yote miwili, ngumi bado iko kifuani, na mbele yake amesimama mwanamke wa makamo, nyuma yake mtu wa mkokoteni.

— Hamjambo jamani. Mimi shangazi yake binti. Nimetumwa kuufuata mlango.

— Shikamoo shangazi!

— Marahaba, mwanangu. Alipitisha kiganja kwenye mbao. Mh! Laini. Ulipimaje?

Randa akavimba. Swali lilikuwa la kwake.

— Shangazi, mimi sikisii. Niling'oa ule wa zamani, nikaulaza uani, nikaupima juu, chini, kila kona. Nikarudia. Nikaurudisha mahali pake. Huu na ule ni mapacha. Haujazidi wala kupungua hata unywele.

— Ndiyo kwa kina hiyo! alidakia Taarifa.

— Weledi mtupu! alisema Kinyozi.

— Hongera, baba. Shangazi alitabasamu. Mimi mgeni pale, mnisamehe. Namsikia tu wifi kila asubuhi akigombana na kuku wa jirani. Wanapita chini ya mlango wa zamani hadi jikoni, wanamlia unga wake. Ndio akasema anataka mlango mwingine. Sasa kama huu na ule ni mapacha, hao kuku watazuiwa na nini?

Taarifa akawasha redio. Kinyozi akakumbuka ana mteja. Mtu wa mkokoteni alikuwa ameshaanza kufunga kamba.

— Wajomba wameketi, mwanangu, alisema shangazi kwa upole. Utanijibu njiani.

Mdomo wa Randa ulibaki wazi, kiasi cha kuku kupita.