Mulango wa Mama Emmanuella

Jumanne asubuhi nilipita katikati ya Kasongo na mulango wa watu kichwani, nikipiga muluzi. Jirani yangu Placide aliniambia umevimba na mvua, unakwenda kwa seremala, nami nikamushikia upande wa mbele. Nilishangaa kidogo tulipouteremusha kwa kaka yake, ambaye hana hata nyundo. Mimi niliyevuka ziwa Tanganyika mara tisa, nikalala Kigoma na Bujumbura, sikujua kutofautisha mulango unaokwenda kutengenezwa na mulango uliong'olewa.

Nilielezwa kesho yake kwenye benchi letu, pale pikipiki za kwenda Salamabila zinapopakia, Faida muuza kahawa akitumiminia kahawa ya tangawizi. Kumbe Placide alimupiga muke wake, Waridi, akamwambia atoke. Waridi akakataa. Na kwetu mutu akitaka kukufukuza bila kelele, anang'oa mulango. Baridi na wezi wanamalizia kazi. Nikamuomba Faida radhi, maana ndiye mwanamuke aliyekuwa karibu.

Joël, tunayemwita Maître, yaani wakili, kwa sababu aliwahi kuwa shahidi kwenye kesi ya mbuzi, alikuwa ameshaanza kuhukumu.

— Parcelle, kiwanja chote, iko kwa jina la Placide. Basi.

— Na matofali? Faida akauliza. Waridi aliyafyatua yote, na mimba ya Emmanuella tumboni.

Maître akafikiri, akasema basi matofali ni ya muke, mabati ni ya bwana. Muzee Sumaili, tunayemwita Methali, akaunga mukono: mugeni siku ya tatu umupe jembe. Faida akamukumbusha kwamba Waridi ameshika jembe miaka kumi na moja. Methali akajibu ndiyo maana, siku zimezidi. Hapo Maître akapanda juu kabisa: mulango si matofali wala si mabati, ni muzigo kama valizi, na bwana ana ruhusa ya kusafiri na valizi yake. Nami nikatikisa kichwa kukubali. Mutu aliyebeba kosa anapenda kusikia kwamba ilikuwa valizi.

Waridi akafika, jicho moja limevimba, akakaa mwisho wa benchi. Tukamushauri kwa upole aende kwa wazazi wake, kule Wamaza, mpaka bwana apoe.

— Mimi ndiye niliyepigwa, akasema. Mbona ni mimi wa kuhama?



Faida akamupa kahawa, akafunga vitumbua vya watoto kwenye karatasi. Waridi akaeleza taratibu kwamba ametundika kitenge mulangoni, watoto wako nyuma yake. Alikuwa ametoka tribunali. Walimwambia hakuna wa kumutoa kabla hakimu hajasikiliza. Ila Ijumaa alete mutu aliyeona mulango ukiondoka, kwa sababu Placide anasema ni Waridi aliyeuuza. Majirani wote, alisema, hawakuona kitu.

Mutu aliyeona kuliko wote alikuwa chini ya mulango wenyewe.

— Mama Emmanuella, nikasema, nitasimama. Lakini itabidi niseme ni mimi niliyeubeba. Na muluzi pia. Kasongo nzima itanicheka mpaka nizikwe.

Akapuliza kahawa yake.

— Wacheke, kaka. Mimi nitakuwa ndani ya nyumba yangu.