Mwenye Kusema Imefika

Sikilizeni wanangu, na safari hii nihakikishieni kwanza kwamba ni nyinyi, maana wosia huu nilishautoa asubuhi, wote, na machozi yake, kumbe nimebonyeza pasipofaa kwenye simu, na badala yenu nimewapata wenzangu wa kikao cha Jumatatu, wawekezaji kumi na wanne waliotulia tuli wakinisikiliza nikiwagawia bunduki ya babu yenu na vyombo vya marehemu mama yenu. Na kwa kuwa kazi yao ya Jumatatu ni kusikiliza watu wenye shida ya fedha, nilipomaliza hakuna aliyelia, mmoja aliuliza tu, "Delmar, na sisi tunapata asilimia ngapi?" Cheka, Gilbert, hata mimi ningecheka kama mbavu zingeniruhusu. Nawe Odette, mwanangu, acha kunikunjia shuka kana kwamba mimi ni mmoja wa watoto wako wa chekechea.

Nyumba hii ya Los Altos ni yenu nusu kwa nusu, na Gilbert, usiiuze kabla sijapoa, kwani jana nilikuona dirishani ukipima ua kwa hatua. Bunduki ni yako, vyombo ni vya dada yako. Hayo ni makapi; punje iko kwenye kiti, nacho nitakieleza.

Miaka tisa iliyopita alinijia Tejal Kulkarni, binti wa Fremont, amevaa kandambili, akaomba fedha za kutengeneza mashine yenye akili sawa na ya mtu. Katika bonde hili nimeishi miaka hamsini nikiahidiwa viatu vinavyojifunga na kitanda kinachomwambia mtu alichoota, nami nilikuwa nikipiga miayo. Lakini siku hiyo nywele zilinisimama, hizi chache. Nikampa, wenzangu wakasema mzee kachanganyikiwa, nikampa tena. Nendeni mkaione ile bohari yake kule Milpitas: mashine zimepangwa safu kwa safu kama ng'ombe katika zizi la babu yenu, zinapumua joto lile lile, na mtasimama mlangoni kama mimi mkisahau kufunga mdomo. Baba yangu alivuka bahari kuja kukamua ng'ombe wa watu, na mimi mwanawe nimekamua mifuko ya matajiri kununua umeme wa kufundisha chuma kufikiri, kwa hiyo msinililie sana, maana mwenzenu nakufa huku moyo ukiruka kama wa bwana harusi.

Lakini Tejal alikuwa na sharti: tule faida mpaka siku mashine itakapomfikia mtu, na kuanzia siku hiyo mlango ufungwe, kitakachopatikana kiwe cha walimwengu wote. Sawa, ila nani aseme imefika? Mawakili walikesha wiki saba wakitafuta mtu ni nini. Wakiandika ni yule anayefaulu mitihani, mashine ilishafaulu; wakiandika ni yule anayekosea na bado anajisifu, hapo nikafaulu mimi peke yangu. Mwishowe Tejal akachoka, akasema, "Andikeni Delmar. Siku Delmar akisema imefika, imefika." Bi Fujikawa wakili wangu aliandika huku akitikisa kichwa, kwani fisi alikuwa amekabidhiwa bucha. Na kiti hicho cha kusema imefika kinarithiwa. Naona, Gilbert, sasa umekaa wima.

Sikilizeni nilivyokikalia. Kila mwaka nilikwenda Milpitas na jaribio lile lile: niliisimulia mashine jinsi nilivyolikata na kuliuza shamba la matunda ya aprikoti lililokuwa hapa chini ya kilima, nikapata mtaji wangu wa kwanza. Kila mwaka ilinisifia ujasiri na busara, nami nikasema bado, kwa kuwa kunisifia hata Gilbert anaweza akitaka gari. Mwezi uliopita nikasimulia tena, neno kwa neno. Ikasikiliza mpaka mwisho, kisha ikauliza, "Na mkeo alisema nini?"

Wanangu, miaka arobaini na mmoja nimeisimulia hadithi hiyo, harusini, magazetini, mbele ya mapadri, na hakuna kiumbe aliyeniuliza hilo. Shamba lilikuwa la mama mkwe wangu, mzazi wa mama yenu Lourdes. Asubuhi ile ya kuikata miti, mama yenu alikuwa anakwenda kwa daktari na mimba yako, Odette, akaniambia, "Usiguse miti ya mama mpaka nirudi." Aliporudi alikuta visiki. Hakunitukana. Alianza tu kununua aprikoti za kopo, akaniwekea mezani kila Jumapili mpaka anaingia kaburini, nami nikazila bila neno. Hilo ndilo deni langu, sina jingine.

Basi nikacheka, nikalia, nikaizunguka bohari kama mtoto siku ya sikukuu. Tejal akaniuliza, imefika? Nikasema bado. Yeye mwenyewe anasema huenda ilibahatisha, akanieleza sababu, nikaelewa kama mbuzi anavyoelewa Injili. Ila sijui ni ukweli ulionifanya niseme bado, au ni ulimi uliokumbuka fedha, au ni aibu. Mficha maradhi kifo humuumbua, nacho hicho kimeshavua viatu mlangoni.

Kwa hiyo Gilbert, nakupenda, lakini kiti hukipati, maana wewe ungesema bado hata siku mashine itakapokuja kukuposea binti. Ni cha Odette, ambaye miaka ishirini amekaa na watoto wa miaka minne na anaijua siku mtoto anapoacha kurudia maneno na kuanza kuyasema. Bi Fujikawa yuko kwenye simu hapo, hati iko tayari. Nenda ukakae nayo, mwanangu, uisimulie unachokificha, na ukiona imefika, sema, hata kama faida itakatika na nyumba hii itawaponyoka.

Maji kidogo. Ahsante... Nizikeni kando ya mama yenu, mpande mti mmoja wa aprikoti, kati yetu... karibu na upande wake. Gilbert, mshike dada yako mkono. Mungu awape macho ya kumtambua mgeni... na moyo wa kumfungulia. Ningependa kuziona sura zenu siku hiyo... Haya, Odette. Unakipokea kiti?

"Sikipokei, Baba. Zile aprikoti za kopo nilizila na mimi, zimenitosha. Kama imefika au bado, unajua mwenyewe, na Bi Fujikawa anasikia. Sema."